Namna ya kutathmini mradi wa afya ya jamii wakati bado unatembea na unapanuka (uzoefu wa huku Kigoma)

Naandika hii kwa wenzangu mnaosimamia miradi ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uwe halmashauri, uwe kwenye shirika, uwe mganga mfawidhi wa zahanati ambae umeletewa mradi na umeambiwa utapeleka ripoti kila mwezi. Mimi nipo Kigoma, kazi yangu ni ufuatiliaji na tathmini, na kuna kitu kimoja kiliniumiza sana miaka ya nyuma ndo maana nakomaa na hili jambo. Mradi mmoja nliokuwemo ulianza na vijiji kumi na mbili, vyote njia ya lami au karibu na lami, ukaenda vizuri, wafadhili wakafurahi, ikaamuliwa uende mpaka vijiji vya ziwani, alaf tathmini ikapangwa ifanyike mwisho kabisa miaka mitatu mbele. Tathmini ilipokuja kumbe kule ziwani karibu nusu ya nyumba tulizozipita mhudumu hajawahi kukanyaga. Miaka mitatu. Ripoti za kila mwezi zilikuwa zinasoma vizuri tu muda wote huo. Kuna akina mama walikuwa wajawazito kipindi kile na hakuna aliewafikia, na hiyo hairudi nyuma tena.

Kwa hiyo ninachosema hapa ni hiki, usisubiri mwisho, tathmini unaifanya ukiwa unatembea, na kila hatua unamtafuta yule aliekosa huduma, sio yule aliepata. Aliepata yupo kwenye daftari tayari.

Na sasa hivi hili ni la haraka maana serikali ilizindua mwaka 2024 mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo ni wahudumu 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano, wanapewa mafunzo ya miezi sita. Yaani kupanua sio mjadala tena, kupanua kunaendelea, swali ni kama tutajua kinachotokea huku chini kikiwa bado kinarekebishika.

HATUA YA 1: Andikeni mnyororo wenu mnaoutegemea

Kaeni chini nyie, wahudumu wawili watatu, nesi wa zahanati, mwenyekiti wa kitongoji na ikiwezekana mama mmoja mwenye mtoto mdogo, alaf mchore kwenye karatasi la manila mnategemea nini kitokee mpaka afya ibadilike. Sio ile lugha ya kwenye andiko la mradi. Mfano wa mjamzito wa Buhingu au Kalya kule kusini kabisa mwa Uvinza unakuwa hivi: mhudumu anajua kama kuna mjamzito, anamtembelea mapema, anamweleza dalili za hatari, mama anakubali kwenda kliniki, zahanati ipo wazi na kuna vipimo, mama na mumewe wanaweka hela na usafiri, uchungu ukianza boti inapatikana, akifika anapokelewa vizuri.

Hesabu hizo pete, ni nane. Ikikatika moja tu mnyororo wote umekatika, na wengi wetu tunapima pete ya pili (ametembelewa mara ngapi) alaf tunaruka mpaka ya mwisho (amejifungulia kituoni au la), zile za katikati hatuna habari nazo. Ndo maana mradi ukifeli hatujui umefeli wapi tunaishia kusema jamii haina mwamko. Kiukweli hilo neno la mwamko mimi silipendi kabisa, mara nyingi ukifuatilia unakuta boti ilikuwa hakuna.

Kila pete iwekeeni swali moja tu: tutajuaje kama hii imeshika? Hapo mmeshapata zaidi ya nusu ya mpango wa tathmini.

HATUA YA 2: Jua upo kipindi gani, usiulize swali la kesho leo

Miezi ya kwanza usihangaike na vifo vya watoto vimepungua au la, havitaonekana, na kwa mradi wa vijiji vichache idadi ni ndogo mno huwezi kusema lolote la maana. Uliza kama wahudumu wamepatikana, wamefunzwa, wana vifaa, wanatembea. Baada ya hapo uliza kama huduma inatolewa jinsi ilivyopangwa na kama watu wanaikubali. Ikishatulia ndo unauliza kama imebadilisha kitu. Mkianza kupanua maswali yote yanarudi upya kwa vijiji vipya, na linaongezeka jingine, ambalo ni kama kilichofanya kazi pale mwanzo kimesafiri au kimebaki kule.

Kuna orodha ya RE-AIM ya tangu 1999 ambayo bado inasaidia sana kutosahau, inauliza vitu vitano: imewafikia wangapi na akina nani, imeleta matokeo gani, vituo na viongozi wangapi wameipokea, inatekelezwa kama ilivyopangwa kwa gharama gani, na inadumu? Ukikosa muda wa kusoma mambo mengi shika hayo matano.

HATUA YA 3: Pata hesabu ya kweli ya walengwa

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye uongo mwingi, na sio uongo wa makusudi.

Chukua kitongoji ambacho kwenye orodha ya zamani kina kaya 120. Mhudumu ametembelea 110. Ripoti inasema asilimia 92, safi sana. Sasa tembea mwenyewe na mwenyekiti nyumba kwa nyumba, unakuta kaya ni 163, kuna waliohamia, kuna vijana wameoa wamejenga pembeni, kuna wavuvi wamepanga kule mwaloni, kuna familia zinaishi mashambani kipindi cha kilimo. 110 kwa 163 ni asilimia 67. Mhudumu hajadanganya hata kidogo, ila zile kaya 53 hazimo popote, na mara nyingi ndo hizo hizo zenye watoto ambao hawajachanjwa.

Mkoa wetu sensa ya 2012 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2.1, sensa ya 2022 karibu milioni 2.5, kwa hiyo mtu anaetumia orodha ya zamani anajipunguzia walengwa bila kujua. Bado hujaweka wanaovuka na kurudi maeneo ya mpakani kule Kakonko, Kibondo, Buhigwe, na wavuvi wanaohama kambi kwa kambi kufuata dagaa.

Fanya hivi: kabla ya kuanza, kila mhudumu achore ramani ya kitongoji chake kwa mkono, nyumba moja moja, na mwenyekiti aipitie. Rudia kila baada ya miezi sita. Ni kazi ya siku mbili tatu. Kama mna hela ya kitu kimoja tu kwenye tathmini basi hela iende hapa.

Wajawazito makadirio yake ni rahisi. Tuseme kijiji kina watu 4,000 na mnakadiria watoto 35 wanazaliwa kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, hiyo ni 140 kwa mwaka, kama 12 hivi kwa mwezi. Mhudumu na mwenzie wakiwa wanaandikisha wajawazito wapya watatu kwa mwezi kijiji kizima, kuna tisa hawajulikani walipo. Usiwagombeze, kaa nao uulize kwanini. Kwetu huku mimba changa haitangazwi, na mhudumu akiwa kijana wa kiume ndo kabisa, mama hawezi kumwambia. Hilo peke yake linaweza kubadilisha mnavyochagua wahudumu.

HATUA YA 4: Viashiria vichache, na tumia vilivyopo

Nimeona mradi una viashiria sitini na nne. Mhudumu anajaza fomu mpaka saa nne usiku kwa tochi ya simu. Chagua nane mpaka kumi, basi. Kabla hujatengeneza fomu mpya angalia MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, zile rejista za vituoni) ina nini, rejista ya wajawazito namba 6, ya watoto namba 7, ya leba namba 12, vyote vipo zahanati, na takwimu zake zinaingia DHIS2, yaani mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, ambapo ukiomba kwa mganga mkuu wa wilaya unapata za miaka ya nyuma, hizo zinakufaa sana kama takwimu za mwanzo.

Ila MTUHA inakuonyesha waliofika kituoni tu. Aliebaki nyumbani haimuoni. Kwa hiyo lazima uwe na kitu kingine kinachoenda nyumbani, ndo hatua ya sita.

HATUA YA 5: Kagua daftari kwa miguu

Kila robo mwaka, chagua wahudumu kadhaa kwa kura, usichague wewe na asichague msimamizi wao. Kwenye daftari la kila mmoja chukua majina kumi ya kaya zilizoandikwa zimetembelewa mwezi uliopita, alaf nenda. Uliza tu kwa upole, mhudumu alikuja? Mliongea nini? Alimpima mtoto mkono kwa ule utepe wa rangi wa kuangalia utapiamlo? Ukikuta nane kati ya kumi wanakumbuka, daftari hilo unaweza kuliamini kiasi. Ukikuta nne, basi takwimu zote za eneo hilo zisimamishe kwanza, usizipeleke juu.

Na tafadhali sana usifanye hii kama polisi. Mara ya kwanza tuliifanya vibaya, tulienda na gari mbili na maafisa sita, mhudumu akalia mbele ya majirani zake. Alikuwa ameandika ziara ambazo hakufanya kwasababu aliambiwa asipofikisha idadi hapewi posho, na baiskeli yake ilikuwa imevunjika tangu miezi miwili. Kosa lilikuwa la kwetu sisi tuliopanga malipo namna ile. Sasa hivi naenda mimi na mtu mmoja, na swali la kwanza kwa mhudumu ni nini kimekuwa kigumu mwezi huu.

Kingine cha kuangalia: namba zinazofanana kila mwezi, namba zinazoishia na sifuri au tano tu, na maeneo ambayo hayana hata kifo kimoja cha mtoto mwaka mzima. Kitongoji kisicho na kifo hata kimoja inawezekana ni kweli, lakini inawezekana pia hakuna anaeandika.

HATUA YA 6: Sampuli ya 19

Hii nawaambia mjifunze, inaitwa LQAS, ni njia ya kukagua kila eneo kwa sampuli ndogo, asili yake ni viwandani walikokuwa wanakagua bidhaa kwa mafungu, baadae watu wa afya wakaichukua. Uzuri wake timu ndogo ya wilaya inaweza kuifanya bila kusubiri mtaalamu kutoka Dar.

Gawa eneo la mradi kwenye maeneo ya usimamizi, yaani kila msimamizi na vijiji vyake ni eneo moja. Tuseme una matano. Kila eneo chagua watu 19 kwa bahati nasibu, mfano akina mama 19 wenye watoto chini ya mwaka mmoja. Waulize maswali yenu machache. Kama lengo lenu ni asilimia 80, basi eneo ambalo watu 13 au zaidi wamejibu ndio limefikia, chini ya 13 halijafikia. Kama lengo ni asilimia 50, inatakiwa 7 au zaidi. Kuna jedwali lake.

Tuseme swali ni kama mama alitembelewa na mhudumu akiwa mjamzito, majibu yamekuja hivi: 16, 15, 14, 17, 8. Jumla ni 70 kati ya 95, asilimia 74. Ukiandika asilimia 74 kwenye ripoti kila mtu atasema tunakaribia, tukaze buti. Lakini tatizo lenu halipo maeneo matano, lipo moja, lile la 8, mengine manne yapo sawa. Unapeleka nguvu pale, na unaenda kujifunza kwa yule mwenye 17 anafanyaje. Angalizo tu, usichukue ile 8 kwa 19 ukasema eneo hili lina asilimia 42, sampuli ni ndogo haikuruhusu kusema hivyo, inakwambia amefika au hajafika, basi.

Bahati nasibu iwe bahati nasibu kweli. Andika vitongoji vyote na idadi ya watu, jumlisha watu mfululizo uchague kwa kuruka idadi sawa ya watu ili kitongoji kikubwa kipate nafasi kubwa, ndani ya kitongoji tumia ile ramani ya hatua ya tatu, kila nyumba na namba, weka vikaratasi kwenye kofia mtu achomoe. Usikubali kupelekwa nyumba ambazo mwenyekiti anasema hawa wanaongea vizuri. Nyumba ikiwa mbali juu mlimani, ndo hiyo hiyo panda. Ukikuta hakuna mtu rudi jioni, maana wanaokosekana mchana wako shambani na ndo hao hao mhudumu nae anawakosa.

HATUA YA 7: Linganisha na mahali ambapo mradi haujafika

Tuseme vijiji vyenu kujifungulia kituoni kulikuwa asilimia 50 sasa ni 70. Mmeongeza 20, mnashangilia. Lakini vijiji vya jirani visivyo na mradi navyo vimetoka 48 mpaka 62, wameongeza 14 bila nyie. Kwa hiyo mnachoweza kusema labda ni chenu ni 6, sio 20. Inauma lakini ndo ukweli.

Kwanini jirani nae amepanda? Kwasababu nyie sio peke yenu duniani. m-mama ilizinduliwa kitaifa 2022, mama akipata dharura wanapiga 115 bure na usafiri unatafutwa, hiyo inabadilisha takwimu kila mahali. Kituo cha afya kipya kimefunguliwa kata ya pili, hiyo nayo. Au kinyume chake, linatokea jambo linaloharibu kila kitu, kama Mei 2015 pale Kagunga wakimbizi kutoka Burundi walipofurika kwenye kijiji kidogo cha ufukweni na kipindupindu kikazuka. Mtu akichukua takwimu za kuharisha za mwaka ule bila kujua hilo atatoa hukumu ya ajabu. Kwa hiyo fungua daftari la matukio, tarehe na kilichotokea: mvua zimekata barabara mwezi mzima, dawa ziliisha, nesi kahamishwa, shirika jingine limeingia. Dakika tano kwa wiki. Siku ya kutafsiri takwimu utalishukuru.

Sasa utawapata wapi vijiji vya kulinganisha? Hapa kupanua kwenyewe kunakusaidia. Hamuwezi kuingia vijiji 60 siku moja, mtaingia kwa awamu tu, 15 robo hii 15 robo ijayo. Basi pigeni kura hadharani, viongozi wote wakiwepo, kijiji gani awamu gani. Wanaosubiri ndo wa kulinganishwa, na wote watafikiwa mwisho wa siku kwa hiyo hakuna anaenyimwa. Kura za namna hiyo za vijiji zimewahi kufanyika hapa hapa Tanzania, mradi wa Connect wa Taasisi ya Afya Ifakara ulioanza 2011 uligawa vijiji vya Rufiji, Kilombero na Ulanga kwa bahati nasibu, vya kuwa na wahudumu waliolipwa na vya kulinganisha. Na kisiasa ukiniuliza kura inapunguza maneno, diwani hawezi kusema umependelea kwenu.

Mkishindwa kabisa kupata vijiji vya kulinganisha, basi angalau chora mstari wa takwimu za miezi 24 kabla na miezi yote baada, mstari ulikuwa unapanda tangu zamani au umeanza kupanda mlipoingia? Tofauti hiyo ni kubwa.

HATUA YA 8: Ongea na watu, kwa muda wao na kwa lugha yao

Namba zinakwambia wapi, watu wanakwambia kwanini. Kijiji cha ziwani usiende kufanya mikutano kipindi cha giza (siku ambazo hakuna mbalamwezi), wanaume wako ziwani usiku kucha na karabai au taa za sola wanatafuta dagaa, asubuhi wamelala na akina mama wako kwenye vichanja wanaanika. Nenda kipindi cha mbalamwezi, wavuvi wamepumzika, watu wana nafasi ya kukaa. Vijiji vya juu Buhigwe na Kasulu kipindi cha kupanda maharage usitegemee mtu. Kuna timu ilitoka mbali ikafanya mahojiano wiki mbili za giza alaf wakaandika kwamba wanaume wa ziwani hawana ushirikiano kwenye masuala ya uzazi, nilisikitika sana kusoma ile.

Wazee wengi na akina mama wa vijijini watakujibu Kiswahili cha heshima, mambo ya moyoni wanayasema kwa Kiha. Tafuta mtu anaejua, na asiwe mhudumu mwenyewe maana anaetathminiwa hawezi kutafsiri malalamiko juu yake. Usiwahoji akina mama wakiwa na mama mkwe pembeni. Msalimie bibi kwanza, kaa nae, mpe muda wake nae umuulize yake, ana mengi na mara nyingi ndie anaeamua mkwe wake aende kituoni lini, alaf ongea na mama peke yake.

Waliokataa huduma watafute makusudi. Kumi wanatosha. Mama mmoja aliniambia anampenda sana mhudumu wao, anamsikiliza, ila mara ya mwisho leba alisemwa vibaya mbele za watu kwasababu hakwenda na vifaa vyote, akaapa harudi. Hapo mhudumu anafanya kazi yake kwa asilimia mia na mnyororo unakatikia pete ya nane. Ungeangalia namba tu ungemwachisha mhudumu kazi.

Ruhusa na siri: kama ni ufuatiliaji wa kawaida wa huduma kaa na mganga mkuu wa wilaya na viongozi wa kijiji, kama ni utafiti wa kuchapisha kibali cha maadili kinatafutwa kwanza NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Tangu sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 majina na hali za afya za watu sio vya kurusha kwenye grupu la WhatsApp, hata picha ya ukurasa wa rejista usitume.

HATUA YA 9: Gharama, na usichanganye nchi kavu na ziwani

Mfano tu wa hesabu: kusimamia wahudumu kumi wa njia ya barabara kwa mwezi labda ni shilingi 150,000, mafuta ya pikipiki na vocha. Wahudumu kumi wa vijiji ambavyo lazima uchukue boti, mafuta, nahodha, kulala siku mbili, inaweza kufika 900,000. Ukichukua wastani ukaandika 525,000 umewadhulumu wa ziwani, maana wakati wa kugawa bajeti kila mmoja atapewa 525,000, wa barabarani watabaki na chenji na wa ziwani hawatasimamiwa. Andika gharama mbili tofauti na utetee ile kubwa. Hesabu na muda wa mhudumu pia, siku mbili kwa wiki kwa mtu mwenye shamba sio bure hata kama halipwi.

HATUA YA 10: Wakati wa kupanua, angalia vitu vinavyokonda

Mradi ukiwa mdogo kuna mapenzi mengi, gari linakuja kila wiki, simu zinapigwa. Ukipanuka vitu vitatu vinakonda kimya kimya. Mafunzo, yalikuwa wiki mbili yanakuwa siku tatu. Usimamizi, msimamizi mmoja alikuwa na wahudumu 10 sasa ana 35 na pikipiki ile ile. Dawa na vifaa, ORS na zinki za kutibu kuharisha zilizotosha vijiji 12 zinagawanywa 60. Hivi vitatu vipimeni kila mwezi vijiji vipya na vya zamani kando kando, msivichanganye, maana vya zamani vinaficha vipya kwenye wastani.

Kabla hamjatoka kijiji cha kwanza mkubaliane kitu gani hakiguswi na kitu gani kinaruhusiwa kubadilika. Mfano ziara ya nyumbani kwa mtoto mchanga wiki ya kwanza haiguswi. Siku ya kikao, nani awe mhamasishaji, mnatumia baiskeli au mtumbwi, badilisheni mnavyotaka ila muandike mmebadilisha nini na kwanini. Mengine yaliyobadilishwa ziwani yanakuja kuwa bora kuliko ya mwanzo.

Wenzetu Ghana somo hili walishalilipia. Navrongo walianza majaribio 1994, wakapeleka manesi wakaishi vijijini na sehemu nyingine wakaweka wanaojitolea peke yao. Palipokuwa na nesi vifo vya watoto vilishuka, wanaojitolea peke yao hawakuleta hivyo. 1999 ikawa sera ya nchi nzima, lakini kwenye kupanua sehemu nyingi zikasubiri majengo kwanza, wakati kilichofanya kazi kule Navrongo ilikuwa nesi kuishi na watu na wazee wa kijiji kushirikishwa. Jengo linaonekana kirahisi, kukaa na wazee chini ya mti hakuna anaekuhesabia.

Mkubaliane pia kabla, kwa maandishi, nini kitawasimamisha. Sisi sasa hivi tuna kanuni yetu, vijiji vipya vikikosa ile 13 kwa 19 robo mbili mfululizo hatuongezi kijiji kingine mpaka tujue tatizo. Bila kuandika mapema haiwezekani, kwasababu ikifika siku yenyewe kuna mgeni anakuja kuzindua na keki imeshaagizwa.

HATUA YA 11: Kikao cha robo na kurudisha majibu kijijini

Ripoti ya kurasa sabini haisomwi. Ukurasa mmoja wa namba, ukurasa mmoja wa waliyosema watu, kikao cha saa mbili, wahudumu wawepo na waongee wa kwanza kabla ya daktari, maana daktari akishaongea hakuna mwingine ataongea. Kila tatizo liwe na jina la mtu, tarehe, na hela inatoka wapi. Kikao kinachofuata kinaanza na orodha hiyo hiyo ya nani alifanya na nani bado.

Alaf mrudishe kijijini. Sisi tunaandika majibu kwa kalamu nene kwenye manila tunabandika ofisi ya mtendaji, na tunasoma kwenye mkutano wa kijiji, kwa kuhesabu watu na sio kwa asilimia: kati ya akina mama 19 tuliowauliza, 8 ndo walitembelewa. Mara ya kwanza kufanya hivyo kijiji kimoja cha ziwani mzee mmoja akasimama akauliza, hao 11 ni wa upande gani? Tukamwonyesha kwenye ramani bila majina, wengi ni kambi ya wavuvi ya upande wa kaskazini. Akasema kule hakuna mhudumu kwasababu mlipokuja kuchagua mlifanya mkutano siku ya giza, watu wote wa kule walikuwa ziwani. Wiki iliyofuata, kipindi cha mbalamwezi, wakachagua wawili, na robo iliyofuata tukaanzia kuuliza kambi ile.